Ubishi wa Magunia Kumi na Mawili

Jepkemboi aliyageuza mahindi kwa miguu. Mwezi ule wa Septemba, kila jioni alipotoka shuleni, alivua viatu, akapanda juu ya turubai la bluu lililotandazwa uani na kutembea taratibu huku akiburuta nyayo. Punje zilijipanga mistari nyuma yake kama shamba dogo lililotoka kulimwa.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale. Baba yake, Kimeli, alikuwa mkulima. Mama yake, Everlyne, alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa barazani ambako aliweza kuona turubai, kuku na barabara kwa pamoja. Kwa kuwa mikono ya mama haikupumzika, kazi ya kumsomea ujumbe wa simu ilikuwa ya Jepkemboi. Tena mama alimruhusu kujibu, mradi aandike jina lake mwishoni ili watu wajue ni nani anayesema.

Ruhusa hiyo Jepkemboi aliipenda kuliko chapati. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, katika Gredi ya Saba, na ndiye aliyekuwa nahodha wa Chama cha Mijadala shuleni. Alipenda kubishana. Hasa alipenda kushinda.

Jumatatu moja simu ililia mara mbili, akakimbia kuichukua. Ulikuwa ujumbe katika kikundi cha WhatsApp cha upande wa mama, ambacho kilikuwa na jamaa arubaini na watatu kutoka Bungoma, Lwakhakha, Moi's Bridge na kwingineko.

"Ni mjomba Wepukhulu," alisema. "Ametuma picha."

Mjomba Wepukhulu alikuwa kaka mkubwa wa mama. Aliishi Chwele, katika kaunti ya Bungoma, naye alikuwa mwenyekiti wa wazazi katika shule ya msingi ya kwao. Picha ilionyesha magunia yaliyopangwa ghalani. Chini yake mjomba aliandika: "Magunia kumi na mawili yametimia. Wazazi wamechanga, mimi nimehifadhi. Jumatatu ijayo watoto wote mia tatu wataanza kula githeri shuleni. Mungu ni mwema."

Pongezi zilimiminika. Jepkemboi naye alitaka kuandika hongera, lakini kwanza aliikuza picha kwa vidole viwili. Gunia moja lilikuwa wazi, na mjomba alikuwa ameshika punje kiganjani. Baadhi ya punje hazikuwa nyeupe. Zilikuwa na vidoa vya kijivu na kijani.

"Mama, tazama! Hayo mahindi yana ukungu!"

Mama alisimamisha cherehani, akatazama, akakunja uso. "Picha za simu wakati mwingine hudanganya. Muulize mjomba wako kwa heshima."

Jepkemboi hakuuliza. Aliandika hivi: "Mjomba, hayo mahindi yote yameharibika. Tumefundishwa shuleni kwamba ukungu huleta sumukuvu, na sumukuvu huua watu. Usiwape watoto. Jepkemboi."

Jibu lilikuja haraka. "Mwanangu, hilo ni vumbi na unyevu kidogo wa mvua. Tutayapepeta, tutayaosha na kuyachemsha. Babu zako walikula hivyo, wakaishi miaka tisini."

"Sumukuvu haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa," Jepkemboi aliandika, vidole vikiruka juu ya kioo. "Na si kila babu aliishi miaka tisini. Wengine walikufa, na hakuna aliyejua sababu."

Hapo ubishi ukawaka kama nyasi kavu za mwezi wa Januari. Binamu Noah wa Moi's Bridge alimuunga mkono Jepkemboi. Ankoli mmoja alisema watoto wa siku hizi wanajua vitabu lakini hawajui jembe. Mama mdogo Lenah wa Lwakhakha aliwaomba watu watulie, lakini hakuna aliyetulia. Kufikia saa ya chakula cha jioni kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia moja.

Baba alitikisa kichwa mezani. "Kubishana kwa simu ni kumpigia mbuzi gitaa," alisema. "Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyesoma maneno ya mwenzake kwenye simu akasema, 'Kweli, nilikosea.'"

"Utaona, baba," Jepkemboi alijibu, macho yakimetameta. "Kesho mjomba atakubali. Nina hoja saba."

Kesho yake alizituma hoja zote saba. Hata akiwa darasani aliwaza atakavyojibu. Alipofika nyumbani alirusha mkoba, akasahau turubai, akaikimbilia simu. Mjomba alikuwa ameandika: "Nimekuwa na jembe mkononi miaka arubaini. Wewe mtoto wa juzi ndiye wa kunifundisha kurima?"

Jepkemboi alilitazama neno lile la mwisho. Alijua kwamba watu wengi wa upande wa mama huchanganya sauti za r na l. Alijua pia kwamba jambo hilo halikuhusu mahindi hata kidogo. Lakini lilikuwa pigo rahisi, na mikono ilikuwa ikimwasha. Akaandika: "Kwanza jifunze kuandika KULIMA, mjomba, kisha tuzungumze."

Vikaragosi vya kucheka vilijaa mara moja. Vitano, kumi na viwili, ishirini na tisa! Noah aliandika, "Eish! Hiyo imeingia, bana!" Moyo wa Jepkemboi ulidunda kwa furaha. Kisha mstari mdogo wa kijivu ukatokea katikati ya kioo: Wepukhulu ametoka kwenye kikundi.

"Nimeshinda!" alipiga kelele, akirukaruka barazani. "Mama, nimeshinda! Amekimbia!"

Cherehani ilinyamaza. Mama alinyoosha mkono, akachukua simu na kusoma kimya kuanzia juu. Alipomaliza hakugomba, na kutogomba kwake kulimtisha Jepkemboi zaidi.

"Umemshinda nani?" mama aliuliza.

"Mjomba."

"Na magunia? Yako wapi sasa?"

Magunia yalikuwa palepale ghalani Chwele. Jumatatu ilikuwa palepale pia.

"Mimi na Wepukhulu tulilelewa nyumba moja," mama alisema. "Nilipokuja kuolewa huku Kitale, nami nilisema 'kurima', na wanawake sokoni walinicheka mpaka nikaogopa kuitisha vitunguu. Umemcheka kaka yangu kwa ulimi aliopewa na mama yake. Sasa hata ukimwambia nyumba yake inaungua, atasikiaje?"

Mama alipiga simu kwa kaka yake. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Haikupokewa.

Usiku ule Jepkemboi hakula vizuri. Alimfikiria Nasambu, binti ya mjomba, ambaye walilingana umri. Nasambu alisoma katika shule ileile, na Jumatatu angekuwa kwenye foleni akiwa na sahani yake.

Asubuhi alimweleza rafiki yake Sabiha mambo yote. Sabiha aliishi karibu na msikiti mjini, baba yake akiwa na duka la vyombo, na katika Chama cha Mijadala yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kutafuta ushahidi.

"Kwa hivyo ulikuwa na ukweli," Sabiha alisema, "lakini ukautumia kama kofi. Twende kwa Mwalimu Chepkirui."

Mwalimu Chepkirui alifundisha Kilimo. Alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza swali ambalo Jepkemboi hakulitarajia. "Uliandika ujumbe mara ngapi?"

"Mara sitini na nne, mwalimu. Nilihesabu." Jana alihesabu kwa fahari. Sasa aliona aibu.

"Katika hizo sitini na nne, ulimuuliza mjomba wako maswali mangapi?"

Jepkemboi alifikiri. Alirudi nyuma kichwani, ujumbe baada ya ujumbe. "Hakuna hata moja."

"Hukumuuliza alivuna lini? Hukuuliza kama mvua ilimkuta shambani, au kama magunia yote yalitoka kwa mzazi mmoja?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi hukuwa ukizungumza na mjomba. Ulikuwa ukizungumza na wale waliokuwa wakicheka." Mwalimu alifungua kabati na kutoa chupa tupu ya soda. "Mtu akisukumwa hadharani, hushika msimamo wake zaidi, hata kama ndani ameanza kuwa na shaka. Lakini ukimpa kitu cha kujaribu kwa mikono yake mwenyewe, hapo habishani nawe. Anazungumza na mahindi. Mna chumvi nyumbani?"

Aliwaonyesha. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Unatia mahindi mpaka theluthi, kisha vijiko viwili vya chumvi kavu. Unafunga, unatikisa kwa dakika moja, unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikikaa chini, mahindi yamekauka. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, na ukiyatia kwenye gunia yatapata ukungu.

"Angalieni," mwalimu aliongeza. "Chupa haipimi sumu. Inapima unyevu tu. Punje zenye ukungu hazihitaji chupa, hizo hazifai kuliwa na mtu wala kuku. Msiseme zaidi ya mnayoyajua."

Wasichana walitoka mbio. Wazo lilikuwa limewajia wote wawili kwa wakati mmoja: wangerekodi video! Wangepima mahindi ya baba yake Jepkemboi, ambayo yalikuwa yamekaa juani majuma mawili, ili jamaa wote waone mahindi makavu yanavyokuwa. Ilikuwa Jumatano. Bado kulikuwa na muda.

Saa kumi na moja jioni walikuwa uani, jua likiwa bado na nguvu. Sabiha alishika simu. Jepkemboi alisimama mbele ya turubai kama mtangazaji wa televisheni, chupa mkononi.

"Hamjambo, jamaa zangu wote," alianza. "Haya ni mahindi ya baba yangu. Yamekauka kabisa. Sasa mtaona jinsi chumvi itakavyotulia chini."

Alitia mahindi. Akatia chumvi ambayo mama alikuwa ameikausha kwenye sufuria jikoni. Akatikisa, tikitiki, tikitiki, mpaka kuku wakakimbia. Kisha waliiweka chupa juu ya kigoda na kuisubiri wakiwa wamechuchumaa, macho yamekodolewa.

Robo saa ilipita. Jepkemboi aliinua chupa juani.

Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, nyeupe kama umande wa alfajiri, kutoka chini hadi karibu na shingo.

"Haiwezekani!" alinong'ona. "Si tulikuwa tunayaanika kila siku!"

Sabiha alisimamisha video. Waliangaliana. Jepkemboi alikumbuka jana yake, alipoikimbilia simu na kuliacha turubai lilivyokuwa. Alikumbuka pia kwamba siku hiyo mvua ilipita jioni na hakuna aliyeyafunika mahindi mapema.

"Tunaweza kuifuta," Sabiha alisema polepole. "Tuchukue mahindi makavu dukani, turekodi upya. Hakuna atakayejua."

Jepkemboi aliitazama chupa. Ingekuwa rahisi kweli. Video ingekuwa safi, mahindi ya baba yangesifiwa, na jamaa wote wangesema mtoto wa Kitale anajua. Lakini baba alipanga kuyatia mahindi yale kwenye magunia Jumamosi. Yangekuwa chakula chao hadi mwaka ujao.

"Tukifuta," alisema, "nitakuwa nimemwambia mjomba asile kitu ambacho mimi mwenyewe nitakula."

Walipeleka chupa kwa baba. Baba alicheka kwanza. Alichukua punje, akaiuma kwa meno, ikalia ka! "Umesikia? Yamekauka. Hivi ndivyo tunavyopima tangu zamani."

"Baba, tafadhali pima mwenyewe," Jepkemboi alisema. "Chagua mahindi unayotaka na utikise wewe."

Baba alichagua kutoka pembe nne za turubai. Alitikisa chupa ya pili kwa mikono yake mikubwa, akaiweka chini na kuizunguka kama anayelinda ng'ombe. Muda ulipokwisha aliiinua. Chumvi ilikuwa imeganda. Alijikuna kichwa.

"Haya," alisema. "Jumamosi hatutii kitu kwenye gunia."

Jepkemboi alimweleza alichotaka kufanya na video ile. Uso wa baba ukabadilika. "Uitume? Watu arubaini? Watatucheka, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyeanza kuwacheka, baba."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi, alimtazama baba. Baba akainua mikono kama mtu aliyeshindwa mpira. "Tuma basi."

Jepkemboi alituma video nzima, pamoja na pale alipojisifu. Kisha alirekodi ujumbe wa sauti. "Jamaa zangu, nilisema ya kwetu yamekauka. Sikujua. Yamekataa kukauka. Nilisema pia kwamba mahindi yote ya mjomba yameharibika, na hilo nalo sikulijua, niliona picha tu. Kubwa kuliko yote, nilimcheka mjomba kwa jinsi anavyosema. Hilo lilikuwa kosa, na halikuhusu mahindi. Mjomba Wepukhulu hayumo humu tena, lakini namwomba msamaha mbele yenu kwa sababu nilimkosea mbele yenu. Nawaomba kila mmoja apime mahindi yake na atuambie, hata kama ni mabaya."

Halafu kimya. Dakika kumi, ishirini. Jepkemboi aliweka simu chini na kwenda kuyafunika mahindi vizuri, kila pembe ikiwekewa jiwe.

Aliporudi, simu ilikuwa ikitetemeka juu ya cherehani kama mende aliyepinduka.

"Chumvi ngapi? Vijiko viwili vya chai ama vya supu?" Huyo alikuwa mama mdogo Lenah wa Lwakhakha.

"Chupa ya plastiki inafaa?" Huyo alikuwa shemeji ambaye alikuwa hajawahi kuandika kitu humo tangu kikundi kifunguliwe.

"Niaje Jepkemboi," aliandika Noah. "Ati hata yenu? Wacha nipime ya kwetu."

Kisha picha zikaanza kuingia. Chupa juu ya meza. Chupa juu ya ukuta. Chupa mkononi mwa nyanya aliyevaa kitambaa chekundu. Noah alituma yake: imeganda! Mama mdogo Lenah: imetulia chini, akaongeza alama sita za kushangilia. Yule ankoli aliyesema watoto hawajui jembe alituma picha ya chupa iliyoganda pande zote bila kuandika neno lolote.

"Mama! Mama, wanapima! Wote wanapima!" Jepkemboi aliruka, lakini safari hii hakusema ameshinda. Hakukuwa na wa kushindwa. Ilikuwa kama mechi ambayo timu zote zinafunga bao upande mmoja.

Lakini mjomba hakuwemo. Alhamisi ilipita. Ijumaa adhuhuri ikapita pia.

Ijumaa jioni ujumbe mmoja uliingia, si kikundini bali kwa mama peke yake. Mama aliusoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha alimpa Jepkemboi simu.

Mjomba alikuwa ameandika: "Everlyne, Nasambu amenionyesha ile video kwenye simu ya mama yake. Muulize huyo mtoto: chumvi ikiganda upande mmoja tu wa chupa, maana yake nini?"

Jepkemboi alihisi machozi na kicheko vikija pamoja. Mjomba alikuwa amepima! Aliandika: "Shikamoo mjomba. Sijui vizuri. Labda chupa ilikuwa na maji upande huo. Unaweza kujaribu na chupa nyingine? Na ningependa kujua, ulivuna lini, na magunia yalitoka kwa wazazi wangapi?"

Jibu lilichelewa, lakini lilikuja, refu na la kina. Yeye mwenyewe alivuna kabla ya mvua. Magunia mengine yalitoka kwa wazazi tisa tofauti, na wengine walivuna mvua ikiwanyeshea. Hakuwa amefikiri kuyatenganisha. Mwishoni aliandika: "Kesho naita kamati. Kama anataka, aje ashike chupa."

Jumamosi saa nne asubuhi Jepkemboi na mama walikuwa Chwele. Nasambu aliwapokea langoni akikimbia. "Baba hajalala," alinong'ona. "Amekusanya chupa za mtaa mzima!"

Kweli, mbele ya ghala kulikuwa na benchi ndefu, na juu yake chupa kumi na mbili zimepangwa, kila moja ikiwa na nambari iliyoandikwa kwa chaki. Wazazi wa kamati walisimama nyuma yake. Mjomba Wepukhulu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, alimtazama Jepkemboi bila kutabasamu.

Jepkemboi alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mjomba. Nimekuja kuomba msamaha kwa mdomo wangu, si kwa simu."

"Marahaba," mjomba alisema. Akamsogezea chupa ya kwanza. "Nimesikia. Shika nambari moja."

Gunia la kwanza. Tikitiki, tikitiki. Nasambu alitikisa chupa ya pili, mama ya tatu, wazazi wakachukua nyingine. Ua mzima ulijaa mlio wa punje zikigonga kioo. Kisha robo saa ya kusubiri, ambayo ilionekana ndefu kuliko muhula. Majirani walichungulia juu ya ua. Mtu alianza kuhesabu dakika kwa sauti.

Mjomba aliinua nambari moja. Chumvi ilikuwa chini. Nambari mbili, chini. Nambari tatu na nne, chini! Wazazi walipiga makofi, na mjomba akageuka kwa Jepkemboi, nyusi zimepanda juu.

"Si ulisema yote yameharibika?"

"Nilikosea, mjomba," Jepkemboi alisema, na alishangaa kwamba maneno hayo hayakumuuma.

Nambari tano iliganda. Ya sita ikatulia. Ya saba na ya nane zikaganda. Walipofika ya kumi na mbili, magunia saba yalikuwa makavu na matano yalikuwa na unyevu. Mjomba aliyafungua yale saba makavu, akazikagua punje na asione ukungu, kisha akaagiza hayo matano yamwagwe juu ya turubai. Matatu yalikuwa safi, yakihitaji jua tu. Lakini mawili yalipomwagwa, harufu ya uvundo iliwafanya watu warudi nyuma. Punje za chini zilikuwa zimeshikana mabonge, kijani na nyeusi.

Mzazi mmoja alifunika mdomo kwa leso. Mtoto wake alikuwa Gredi ya Kwanza.

"Haya mawili yafukiwe," mjomba alisema kwa sauti nzito. "Hata kuku wasipewe. Jumatatu tutaanza na saba."

Kazi ilianza. Wanaume walichimba shimo, wanawake na watoto wakatandaza mahindi ya magunia matatu juani, Jepkemboi na Nasambu wakiyageuza kwa miguu na kushindana nani atafika mwisho. Mchana kutwa walifanya kazi na kucheka. Kisha, saa tisa, wingu jeusi likatoka upande wa Mlima Elgon.

"Mvua! Mvua! Kusanyeni!"

Watu walikimbia huku na huku. Maturubai yalikunjwa, ndoo zikajazwa, mtu akateleza, mwingine akamwinua. Mjomba alibeba gunia begani akipiga mayowe kama kijana uwanjani. Punje ya mwisho ilipoingia ghalani, matone makubwa yalianza kupiga mabati. Walisimama ndani wote, wamelowa jasho, wakihema na kushangilia.

Mjomba alikaa juu ya gunia. Alimwita Jepkemboi na Nasambu karibu, na kwa sababu ya kelele za mvua ilibidi aseme kwa nguvu, hivyo ghala nzima ikasikia.

"Mtoto wa Everlyne, nikuambie jambo. Uliponirushia maneno, nilisikia aibu, na mtu mwenye aibu hatafuti ukweli, anatafuta maneno ya kurudisha. Hoja zako saba zilikuwa nzuri, lakini sikuzisoma. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kukupiga. Kisha ukasema mbele ya watu wote kwamba mahindi ya baba yako yamekataa. Hapo nikakosa wa kupigana naye. Nilibaki mimi na mahindi yangu, na mahindi hayawezi kubishana." Alifuta uso kwa kofia. "Watu husema maneno ya simu hayabadilishi mtu. Mimi yamenibadilisha. Lakini si yale ya kunishinda. Ni yale ya ukweli, yaliyosemwa na mtu aliyekubali kwanza kosa lake. Kumbukeni hilo, watoto: anayetaka mwenzake abadilike, naye awe tayari kubadilika."

"Tumesikia, mjomba," Jepkemboi alisema.

"Lakini!" mjomba aliinua kidole. "Kuhusu kubadilisha mbegu kila mwaka, kama mnavyofundishwa huko shuleni kwenu, hapo bado sijakubali hata kidogo!"

Watu waliangua kicheko. Jepkemboi alivuta pumzi. Alikuwa na hoja nne kuhusu mbegu, zote tayari ulimini. Alisogea, akaketi juu ya gunia kando ya mjomba.

"Wewe hupanda mbegu gani, mjomba?" aliuliza. "Na ulianzaje kuzipanda?"

Mjomba aliangaza uso na kuanza kusimulia.